Muulize Mwalimu: Mvua, kusi na maji yaliyoingia kwa tundu la choo

Assalam aleikum na habari zenu nyote. Mwezi huu barua karibu zote ni za mvua, na nyingine zimeniliza. Sikuweza kuzijibu zote, nimechukua saba na nimezifupisha kidogo, majina nimeyatoa kama mlivoomba. Nlisomesha jografia miaka mingi hapa Mombasa na hili jambo liko moyoni kwangu, kwa hivo mkiona jibu limekuwa refu nivumilieni.

Mwalimu shikamoo. Naendesha tuktuk Likoni. Juzi abiria alikuwa anaonyesha wenzake video ya mafuriko ya Pakistan ya 2022, watu wako juu ya mapaa, ng'ombe wanaenda na maji, akasema hio ni monsuni na sisi huku hatuna monsuni kwa hivo tusiogope. Mimi nikanyamaza lakini roho haikukubali, manake nshazimikiwa na injini katikati ya maji mara ngapi. Kwani monsuni ni kitu gani, na sisi tuko ndani ama nje?
*Dereva wa tuktuk, Likoni*

Marahaba mwanangu. Tuko ndani, tena ndani kabisa. Neno lenyewe monsuni limetoka kwa Kiarabu, mawsim, na hilo hilo ndilo lililotupa sisi "msimu". Babu zetu walikuwa wakiishi nalo bila kuliita monsuni, wao walisema kaskazi, upepo utokao kaskazini, na kusi, utokao kusini. Majahazi yalikuja na kaskazi kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi, yakauza tende na mazulia, yakangoja, kusi likishika yakarudi nalo. Mji huu ulijengwa na pepo hizo.

Sasa abiria wako asichokijua ni kwamba kusi likitupita hapa haliishii Lamu. Latoka kule upande wa Madagaska, lafika pwani yetu, likivuka ikweta lakunja, lapita Somalia kwa kasi ya ajabu kisha lakata bahari mpaka India na Pakistan, na huko ndiko linakomwaga mzigo. Mtaalamu mmoja wa hali ya hewa, Findlater, aliichambua njia hio mwaka 1969 na mpaka leo wenzake wanaiita kwa jina lake. Kwa hivo upepo unaokupiga usoni mwezi wa saba ukingoja feri, siku chache mbele huenda ukawa mvua ya mtu mwengine.

Na kwa nini lavutwa kule? Nenda ufuoni saa nane mchana, mchanga unakuchoma nyayo na maji ya bahari yamepoa. Nchi kavu hushika moto upesi, bahari pole pole. Hewa iliyoko juu ya nchi ikipata moto yapanda, hewa ya baharini iliyojaa mvuke yaja kuziba pengo, nayo ikipanda yapoa na mvuke unageuka mvua. Ndio monsuni yote hio, mengine ni maelezo.

Shida ni kuwa tumeongeza moto. Mkaa wa mawe, mafuta, gesi, misitu inayochomwa, hewa chafu imejaa juu na dunia imepata joto kiasi cha nyuzi 1.2 na zaidi kuliko zama za kabla ya viwanda, mwaka 2024 peke yake ulivuka nyuzi 1.5. Na hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, kila nyuzi 1 ni kama asilimia 7. Najua mtu ataona 7 ni kidogo. Fikiria dekio. Dekio dogo ukilikamua latoa maji yake, kubwa latoa mengi zaidi kwa mkamuo mmoja, na mawingu ya sasa ni madekio makubwa. Tena mvuke ukigeuka maji watoa joto ndani ya wingu lenyewe, wingu lapanda kwa nguvu zaidi na kuvuta mvuke mwengine, kwa hivo zile mvua kali haswa ndizo zinazozidi ukali.

Pakistan 2022 ilianza na joto. Mwezi wa tano Jacobabad ilifika nyuzi 51, mtu hawezi kutoka nje. Kisha monsuni ikaja, na mwezi wa nane mkoa wa Sindh ukapata zaidi ya mara 7 ya mvua yake ya kawaida ya mwezi huo. Watu zaidi ya 1,700 walikufa, milioni 33 waliguzwa, nyumba zaidi ya milioni 2 ziliharibika ama zikaanguka. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipiga hesabu wakaona mvua ya siku 5 kali zaidi Sindh na Balochistan huenda iliongezwa nguvu mpaka asilimia 50 kwa sababu ya joto la dunia. Mvua ingekuja tu, lakini si ile.

Na hio ya injini mwanangu, tafadhali. Maji ya sentimita 30 yanayotembea yaweza kusukuma gari dogo, na tuktuk ni jepesi kuliko gari. Huioni barabara chini ya maji, huwezi kujua kama kalvati bado liko. Mwambie abiria ashuke mrudi nyuma, hata akikasirika, hata akikataa kulipa.

Mwalimu, mimi ni mvuvi wa Mji wa Kale, miaka yangu ni sabini na kitu. Zamani sisi tulihesabu miongo, yaani siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka wetu mpya wa zamani, mzee akikwambia mvua iko mwongo fulani, iko. Sasa vuli mwaka mmoja haiji kabisa na mwaka mwengine yaja kama masika mawili kwa pamoja. Na bahari imekuwa moto, nasikia kwa mkono nikivuta nyavu. Ni umri wangu ama ni kweli?
*Mvuvi, Mji wa Kale*

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, mkono wako hausemi uwongo. Bahari yetu hii ya Hindi imeongezeka joto karibu nyuzi 1 tangu miaka ya 1950, na ni katika bahari za ukanda wa joto zinazopata moto haraka zaidi.

Hio ya vuli ina sababu yake. Chukua sinia pana lenye maji ulibebe kwa mikono miwili. Ukiinua upande mmoja kidogo maji yote yanakimbilia upande wa pili. Bahari ya Hindi pia huwa na miaka ya kuinama, isipokuwa kinachohama ni joto: miaka mingine maji ya moto yanajaa upande wetu na upande wa Indonesia unapoa, na hapo mawingu ya mvua yanahamia kwetu wakati wa vuli. Mwaka mwengine inainama kinyume, wao wananyeshewa na sisi tunakauka. Ilikuwako hali hio tangu hapo. Wewe mwenyewe labda waikumbuka 1961, ukiwa mdogo, mvua ilinyesha mpaka Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka iliyofuata. Ikaja tena 1997, ikaja 2019, ikaja 2023. Lakini kuinama kwa zamani kulikuta bahari imepoa kidogo, kwa sasa kunakuta bahari ishapata moto. Ile vuli ya 2023, wanasayansi wale wale niliowataja walisema joto la dunia liliifanya mvua iwe na nguvu mpaka mara mbili ya vile ingekuwa.

Mzee wangu nina ombi moja. Hesabu za miongo usiziache zife na wewe. Mkalishe mjukuu umwandikishe, mwongo kwa mwongo, ulivokuwa ukitarajia nini na sasa unaona nini. Kuna mambo ya huku pwani ambayo hayajawahi kuandikwa kwa vipimo vya mashine, nyinyi ndio mnayo.

Mwalimu nakuandikia nikiwa na uchungu. Mimi ni mama wa watoto watatu, Kisauni. Usiku ule wa mvua niliziba mlango kwa gunia za mchanga na matambara nkajua tumesalimika. Saa tisa usiku nkasikia bafuni sauti kama mtu anasukutua mdomo. Maji yalikuwa yanatoka kwa tundu la choo, meusi. Kabla sijawaamsha watoto wote yashafika magoti. Vitabu vya shule vilikuwa chini ya kitanda. Nimevianika kwa kamba karatasi moja moja na wino wote umeondoka. Mwenye nyumba asema ni kudra ya Mungu, jirani asema ni mabadiliko ya tabianchi, mzee wa mtaa asema ni sisi wapangaji tunatupa taka. Kodi ni ile ile. Nani mkweli?
*Mama wa watatu, Kisauni*

Pole sana mwanangu. Pole tena. Barua yako niliisoma nkaiweka chini nkaenda kuzunguka nje kidogo ndipo nkarudi kuandika.

Nianze na lile tundu. Kisauni chini ni mchanga na mawe ya matumbawe, maji yanapita ndani ya ardhi kwa urahisi. Mvua ikinyesha mfululizo maji ya chini ya ardhi yapanda, shimo la choo lililoko nje lajaa kwa chini kabla halijajaa kwa juu, na likijaa, maji yake yatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni bomba linalokuja kwako. Ulilinda mlango kumbe adui alikuwa ana njia yake nyengine. Hukufanya kosa, karibu kila mtu hufikiria mlango. Mara nyingine kabla ya mvua kubwa jaza mchanga kwa mfuko mgumu, ufunge vizuri, uukandamize juu ya tundu la choo na mwengine juu ya tundu la bafu. Na fundi wa mabomba anaweza kuweka vali ya kuzuia maji kurudi, hio ni kazi ya mwenye nyumba na umwambie hivo.

Sasa nani mkweli. Mimi ni muumini, kwamba mvua ni ya Mungu silibishani. Jirani naye ana haki, mvua hizi kali zimeongezwa nguvu, nimeeleza hapo juu. Na taka zipo. Lakini kuna mtu hakutajwa na yeyote kati ya hao watatu, naye ni yule aliyejenga juu ya njia ya maji na yule aliyempa ruhusa.

Wiki moja baada ya mvua nilienda kwenye mtaa mmoja wa huko huko bara nkaufuata mtaro kwa miguu. Kwenye kalvati la kwanza nliinama nkachungulia. Kulikuwa na chupa za plastiki, makumbi ya madafu, kipande cha godoro, nywele bandia zimejisokota kwa fito, hayo ya mzee wa mtaa. Nikaendelea. Hatua kama sitini mbele mtaro ukaisha. Ulikuwa umejengewa ukuta wa mawe, ukuta mpya wa ploti, umepigwa plasta vizuri na juu umewekwa vigae. Maji upande huu yalikuwa yamesimama na mbu wanacheza juu yake, upande wa pili wa ukuta mtaro ulikuwa mkavu kabisa na kuku wanaparua. Nlisimama pale muda mrefu. Wapangaji wangezoa taka zote mpaka chupa ya mwisho, maji yale yasingepita.

Hii si shida yetu peke yetu. Mumbai, mji ambao majahazi yetu yalikuwa yakienda na kurudi, tarehe 26 Julai 2005 ulinyeshewa milimita 944 kwa siku moja. Mombasa kwa mwaka mzima twapata kama milimita 1,000 na kitu. Yaani mwaka wetu, kwa siku moja. Zaidi ya watu 1,000 walikufa katika jimbo lile la Maharashtra. Lakini walipochunguza waliona mto wao wa Mithi umebanwa na majengo na taka, mikoko iliyokuwa ikimeza maji imekatwa, na siku ile bahari nayo ilikuwa imejaa, maji ya mvua hayakuwa na pa kwenda.

Hapo pa bahari napataka sana tupasikie watu wa Mombasa. Mitaro yetu inamwaga baharini na kwenye vijito, Tudor, Port Reitz, Mtwapa. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, zile siku bahari inapojaa kuliko kawaida, maji ya bahari yameziba midomo ya mitaro kwa masaa, mji umefungwa vali kwa nje. Wavuvi wanajua bamvua ni lini, kalenda ya mwezi iko wazi, hakuna sababu ya mitaro kusafishwa baada ya mafuriko badala ya kabla ya masika na kabla ya bamvua. Na mikoko tunaikata kama kuni tu. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalileta matope mengi mpaka mikoko mingi ya kijito cha Mwache ikafa imefunikwa mizizi, kwa sababu huko juu mashamba yalikuwa matupu na udongo ukateremka wote. Kwa hivo mafuriko ya Mombasa mengine yanaanzia mlimani Kwale huko, si mtaani kwako.

Na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu katika Bonde la Ufa, serikali ilisema maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia ya chini ilizibwa na magogo na mawe, yakavunja kwa mara moja. Zaidi ya watu 50 wamekufa wamelala. Mvua ilitoka juu, lakini ile nguvu ya kuua ilikusanyika chini, mahali mtu angeweza kupaona.

Kwa hivo mwambie mwenye nyumba kwa adabu: mvua ni kudra, ukuta si kudra. Piga picha alama ya maji kwenye ukuta wako, uandike tarehe na kimo kwa futi, wakusanye wapangaji wenzako mwende pamoja kwa mwakilishi wa wadi na mpeleke barua kaunti mkiwa na picha. Mtu mmoja huambiwa rudi kesho. Na hizo karatasi za watoto ulizozianika, usizitupe, zipeleke zote shuleni walimu wazione.

Mwalimu, niko Fomu 3 Tudor. Sielewi. Tuliambiwa mabadiliko ya tabianchi yataleta ukame, kisha tukaambiwa yataleta mafuriko. Babangu anasema wanasayansi hawajui wanachosema.
*Mwanafunzi, Tudor*

Msalimie baba, na swali lake ni zuri kuliko anavofikiria. Joto linafanya kazi mbili. Likikuta ardhi lanyonya maji yake haraka, na likiyanyonya layabeba mpaka liyamwage mahali. Kwa hivo kavu inakuwa kavu zaidi na ya majimaji inakuwa ya majimaji zaidi, na katikati kunapungua ile mvua ya kawaida, ya taratibu, inayoingia ardhini. India ya kati walihesabu kutoka 1950 mpaka 2015, zile mvua kali za kueneza mafuriko zilikuwa karibu mara 3 ya zamani, na jumla ya mvua ya msimu ilikuwa imepungua. Siku za mvua chache, mvua ya siku moja kubwa.

Mfano wa kwetu. Kuanzia vuli ya 2020 misimu 5 mfululizo ilikosa mvua kaskazini mwa Kenya na pwani ya ndani, mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Mwaka huo huo wa 2022 ng'ombe wakifa kwa kiu Garissa na Tana River, Pakistan ng'ombe walikuwa wakifa kwa maji, na sehemu ya sababu ni moja, La Niña, yaani Bahari ya Pasifiki ikipoa, pamoja na ile Bahari ya Hindi kuinama kuelekea Indonesia. Kisha vuli ya 2023 ikaja, ardhi imekauka imekuwa kama sakafu, maji hayakuingia, yakateremka. Familia zilizopoteza mbuzi kwa ukame zilipoteza nyumba kwa mafuriko, ndani ya mwaka mmoja. Mpe baba hio aisome mwenyewe.

Mwalimu, nafanya kazi kwa godauni la chai Shimanzi. Mwaka ule baada ya mafuriko ya Pakistan tuliambiwa mzigo unakwenda pole pole, wengine wetu tukarudishwa nyumbani. Mafuriko ya watu wako ng'ambo ya bahari yananihusu vipi mimi? Na hio hasara nani hulipa?
*Mbeba chai, Shimanzi*

Yanakuhusu kwa sababu Pakistan ndio mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, na chai hio inauzwa kwa mnada papa hapa Mombasa. Mafuriko yaliikuta nchi ile ishaelemewa na madeni, yakaipiga hasara na uharibifu wa kama dola bilioni 30. Kufika mwanzo wa 2023 dola zilikuwa adimu mpaka makontena maelfu yakakwama bandari ya Karachi kwa kukosa malipo. Sitasema mafuriko peke yake ndio yalikurudisha nyumbani, uchumi wao ulikuwa mgonjwa tayari, lakini mgonjwa aliyepigwa rungu si sawa na mgonjwa aliyelala.

Na mkono mwengine angalia sahani yako. Mchele mwingi wa pilau na biriani tunaokula Kenya watoka Pakistan, na mashamba ya Sindh yale yalikaa chini ya maji miezi. Si mpunga tu, pamba ililala, na wakulima wengine walishindwa hata kupanda ngano ya msimu uliofuata kwa sababu shamba bado ni ziwa. Mwezi wa saba 2023 India nayo ikasimamisha kuuza nje mchele mweupe usio basmati ili bei isipande kwao, bei ya dunia ikaruka. Mama ntilie wa hapo Shimanzi akapunguza kijiko. Ndivo mafuriko yanavosafiri.

Nani hulipa? Mpaka sasa hulipa aliyefurikiwa. Pakistan inatoa chini ya asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia, Kenya pia chini ya hio. Januari 2023 mkutano wa Geneva uliwaahidi Wapakistani zaidi ya dola bilioni 9, lakini sehemu kubwa ilikuwa mikopo, yaani umezamishwa na moto wa wengine kisha unakopeshwa ndoo. Novemba 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, nchi zilikubaliana kuwe na mfuko wa hasara na uharibifu, na Dubai mwaka 2023 zikaahidi kama dola milioni 700. Linganisha na bilioni 30 za nchi moja kwa msimu mmoja. Hili linanikera na sitaki kulificha. Wanaotuwakilisha kwenye mikutano hio wanafaa kudai ruzuku, si mkopo, na sisi tuwaulize wakirudi wamerudi na nini.

Mwalimu, tuna kisima uani Jomvu, maji ya mvua yaliingia ndani yake. Watu wazima tumeyatumia hatujafa. Mjukuu sasa ana homa. Naogopa.
*Nyanya, Jomvu*

Shikamoo nyanya. Kabla hujamaliza kusoma, mpeleke mtoto kituo cha afya leo hii. Homa baada ya mafuriko yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa dengue, yaweza kuwa homa ya tumbo, na kwa macho hazijulikani, ni damu tu itasema. Mpaka apimwe mpe parasetamoli kwa kipimo chake, aspirini hapana, kama ni dengue yaweza kumtoa damu. Akiharisha mpe maji ya chumvi na sukari yaliyochemshwa, kidogo kidogo bila kuacha.

Kisima msikitumie kunywa wala kuosha vyombo mpaka kitolewe maji na kutiwa klorini na mtu wa afya ya jamii. Vyoo vya mtaa mzima vilifurika na maji yale yale ndio yaliingia kisimani, kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Chemsha mpaka yatokote sawa sawa, ama tia dawa ya klorini na ungoje nusu saa. Na mbu wa dengue na chikungunya hapendi mtaro mchafu, yeye anataka maji masafi kwenye ndoo, mapipa, matairi, vifuu, na huuma mchana. Mombasa tulipigwa na chikungunya mwisho wa 2017 mpaka 2018, wengi wenu mnakumbuka viungo vilivyouma. Mwaga kila kilichosimama, kila wiki. Pakistan mafuriko yalipokauka malaria ilipanda vibaya sana, na kulikuwa na wanawake wajawazito wasiopungua 650,000 katika maeneo yaliyofurika, wengine wakijifungua kando ya barabara chini ya turubali. Hesabu ya waliokufa kwa maji hufungwa mapema mno. Ukihitaji msaada wa haraka, Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana kwa 1199, simu ya bure.

Mwalimu mimi niko Gredi 6. Kwenye redio wamesema mvua ya milimita 50. Milimita ni ndogo sana kwa rula yangu. Kwa nini watu wanaogopa?
*Mtoto wa Changamwe*

Mwanangu, umefanya vizuri kuiangalia kwenye rula. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Sasa kama paa la nyumba yenu lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, hizo ni mita 80 za mraba. Milimita 50 zikinyesha, paa lenu peke yake limepokea lita 4,000, ambazo ni mitungi 200 ya lita 20. Mwambie muuza maji wa mkokoteni akuonyeshe mitungi 200. Ile mvua ya Mumbai ya milimita 944 kwenye paa hilo hilo ni mitungi 3,776 kwa siku moja. Kisha hesabu mapaa ya mtaa wenu, na uniambie maji hayo yote yanapita wapi.

Tafuta kopo lenye pande zilizosimama wima, mdomo na chini upana sawa. Liweke uani mbali na ukuta, mti na paa, ulizungushie mawe lisianguke. Kila siku saa tatu asubuhi tumbukiza rula ndani, soma milimita, andika tarehe na namba kwenye daftari kisha mwaga. Siku ya kavu andika sifuri, usiruke. Anza kesho, na masika yakiisha niletee daftari, ntalichapisha hapa.